Neno "Mabaki" na Visima vya Bagamoyo

Wanangu mnaosomea afya ya mazingira, nyinyi mmelikuta neno limeshaiva. Mwalimu anaandika ubaoni "klorini baki", mnanakili, mnalijibia mtihani, mnafaulu. Sina ugomvi na hilo. Lakini mimi nililikuta neno hili bado bichi, nikalibeba mlango kwa mlango katika mji wa Bagamoyo, na nakuambieni, neno la kitaalamu lina uzito ambao huujui mpaka ujaribu kumkabidhi mtu mwingine alishike.

Niliajiriwa miaka ya mwisho ya sitini, msaidizi wa afya, mwanamke peke yangu katika ofisi ya wanaume. Cheo changu hasa watu hawakukijua. Waliniita Bibi Afya, kwa kuwa wenzangu wanaume waliitwa Bwana Afya. Uanamke wangu ulinifaa. Nyumba nyingi za mji mkongwe zilikuwa na visima uani, na uani hapiti mwanamume asiyekuwa wa nyumba. Mimi nilipiga hodi, nikavua viatu, nikaingia mpaka kisimani. Nawakuta wanawake wanaosha vyombo, tunaamkiana, tunaulizana hali za jamaa wote hadi walioko Pangani, ndipo nachungulia maji. Kama huna subira ya maamkizi, tafuta kazi nyingine.

Aliyenifundisha ni mkuu wangu wa ofisi, Ndugu Mhina, mtu wa Muheza, mrefu, mwenye kaptula iliyopigwa pasi hata unadhani itasimama bila yeye. Nilipofika kuripoti hakunipa kitabu. Alinipa kopo la unga wa klorini, ule unga mweupe tuliokuwa tukiutia visimani, akaniambia nifungue ninuse. Nikainama mzima mzima. Machozi yalinitoka, nikakohoa mpaka karani wa chumba cha pili akaja na kikombe cha maji.

"Hilo zima," akasema Ndugu Mhina, akanisogezea kopo jingine.

Hili nililinusa kwa mbali, kama paka. Halikuwa na harufu yoyote.

"Unalionaje?"

"Hili zuri zaidi," nikasema.

"Hili limekufa."

Akanieleza kwamba klorini ni hewa iliyofungwa ndani ya unga. Kopo likiachwa wazi katika unyevunyevu wetu huu wa pwani, ile hewa hutoroka, na unaobaki mkononi ni chokaa tu. Utaitia kisimani, maji yatageuka meupe kidogo, watu wataona serikali imefanya kazi, na vijidudu havitajua hata kama kuna mtu amepita. Pale ofisini mlinzi alikuwa ameyachukua makopo yaliyokufa akapaka mawe ya uani, yakapendeza sana. Kila akiyapita Ndugu Mhina alisema, "Angalau mawe yetu hayatahara."

Basi funikeni makopo yenu. Yainueni sakafuni, kwa maana saruji nayo hupitisha maji. Kopo ulilolifungua liishe kwanza kabla hujafungua jingine.

Sasa neno lenyewe. Ukitia klorini kisimani, haikai tu ikisubiri vijidudu. Maji yana ulaji wake. Tope linachukua sehemu, majani yaliyooza yanachukua, kutu ya ndoo inachukua, vijidudu navyo vinachukua vya kwao na kufa navyo. Kila kimoja kikishachukua, ile klorini ambayo bado inaelea bila kazi ndiyo klorini baki. Nusu saa baada ya kutia unga, unaipima. Ukiikuta, umejua mambo mawili kwa mpigo: kwamba uchafu uliokuwamo umemalizwa, na kwamba uchafu utakaoingia na ndoo au mkono wa mtu utamkuta mlinzi amesimama. Usipoikuta, hujui kitu. Huenda dawa ilitosha sawasawa, huenda iliishia njiani. Na afya ya watu haiendeshwi kwa huenda.

Kuipima tulikuwa na kisanduku kidogo chenye vioo vya rangi. Unatia maji katika kichupa chembamba, unadondosha dawa ya matone, unakiinua kuelekea mbingu nyeupe, usielekee jua. Yakibaki meupe, hamna kitu. Yakiwa manjano hafifu, kama chai ya mchaichai, ndiyo yenyewe. Yakiwa kama bizari, umezidisha. Siku hizi nasikia mnatumia vidonge na rangi ni ya waridi. Vizuri, lakini kinachopimwa ni kile kile.

Kwa Kiingereza neno hilo halikumsumbua mtu. Lilikuja kututesa kwa Kiswahili.

Mwaka ule maradhi ya kuhara na kutapika yalipoingia wilayani kwetu, tuliagizwa kutia klorini visima vyote vya mji. Tulifanya kwa vyungu. Chukua chungu, kitoboe matundu ubavuni, changanya unga na mchanga mnene uliooshwa, ujaze, ufunike mdomo, ukitundike ndani ya maji kwa kamba ya usumba, nyuzi za makumbi ya nazi. Msitumie waya, klorini inautafuna kabla hamjafika nyumbani. Kikiwa humo, chungu kinatoa dawa polepole siku nyingi, na kisima hakihitaji kutembelewa kila asubuhi.

Kazi ya vyungu ilikwenda vizuri. Ikabaki kuwaambia watu. Ndugu Mhina akapanda Landrova ya ofisi na kipaza sauti, mimi nikakaa nyuma. Kiswahili chake kilikuwa safi, na alitafsiri alichokisoma, neno kwa neno.

"Ndugu wananchi, visima vyenu vimetiwa dawa. Maji salama ni yale yenye mabaki ya dawa. Msinywe maji yasiyokuwa na mabaki."

Kwenye baraza moja nikasikia watu wakicheka. Mzee mmoja akasema, si kwa ubaya, "Leo tunahimizwa makombo."

Fikirini neno hilo katika masikio ya watu wa pwani. Mabaki ni chakula alichoacha mwingine. Mabaki ni vipande vya nguo ambavyo fundi havimfai tena. Mabaki ni maiti iliyookotwa ufukweni baada ya siku nyingi. Hakuna mtu aliyewahi kukaribishwa mabaki kwa heshima. Ilipofika alasiri habari ilikuwa imegeuka: hospitali ina dawa zilizobaki, zimepitwa na wakati, hazina pa kutupwa, zinatupwa visimani. Kesho yake ikaongezwa kwamba wanawake watakaoyanywa hawatazaa.

Watu wakaviacha visima tulivyovitia dawa. Wakawa wanakwenda kuchota nje ya mji, njia ya kuelekea Zinga, katika bonde lenye mashamba ya mpunga. Huko kulikuwa na shimo la zamani, halina ukuta wala kifuniko, mbuzi wanakunywa upande huu na watu wanachota upande ule. Sisi hatukulitia dawa kwa sababu hatukujua kama lina mnywaji.

Jirani yetu Bi Mwanaidi alikuwa mmoja wa waliokwenda huko. Huyu alikuwa mpishi wa shughuli. Katika mtaa wetu hapakuwa na harusi, hitima wala maulidi pasipo yeye kusimama juu ya masufuria. Uani kwake palikuwa na kisima kizuri, kimejengewa ukuta, na mimi mwenyewe nilitundika chungu humo. Baada ya ile habari kuenea, alikitoa. Nilikikuta nje ya mlango wake, kimefunikwa vizuri, kimewekwa kivulini, kwa adabu zote. Nikapiga hodi, akaniambia kutoka ndani kwamba ana kazi; nikakiacha pale pale.

Alikuwa anaishi na kaka yake, Fundi Shomari, mdarizi wa kofia, macho yake yalikuwa yameanza kumpungukia lakini vidole bado vikijua njia. Fundi Shomari alishikwa na tumbo alfajiri. Adhuhuri akakata roho. Baada ya alasiri tukamzika. Ndivyo maradhi yale yalivyo, hayampi mtu nafasi ya kuagana. Ndugu Mhina alikwenda mwenyewe kukaa na waosha maiti, akawaonyesha jinsi ya kuchanganya maji ya klorini ya kuoshea mikono yao na sakafu, na akabaki mpaka shughuli ikaisha.

Matanga yalipoanuliwa nikaenda kwa Bi Mwanaidi. Safari hii mlango ulikuwa wazi.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

Nikaketi kwenye mbuzi ya kukunia nazi, ndicho kiti kilichokuwa karibu. Aliitazama mikono yake.

"Maji nilimtekea mimi," akasema. "Nilimwambia, kaka, haya ya uani yana mabaki, ngoja nikakuletee safi. Nikajitwika kichwani kutoka bondeni mpaka hapa."

Nyinyi mtafundishwa mengi ya kusema. Jifunzeni na kunyamaza.

"Sasa nieleze," akasema. "Usinieleze kama lile gari. Nieleze mimi, nilivyokaa hapa."

Nikatazama pale uani. Masufuria yake makubwa yalikuwa yameinamishwa ukutani.

"Bi Mwanaidi, shughuli ya watu wengi, ukishapakua, unajuaje kama wote wamekula?"

"Naangalia sufuria. Wali ukiwapo, wote wameshiba, na atakayechelewa ana chake. Sufuria ikiwa imekwanguliwa mpaka ukoko, yuko mtu ameondoka na njaa, hata kama amesema ahsante."

"Dawa ya kisimani ni vivyo hivyo. Uchafu na vijidudu ndio walaji. Kila kimoja kinachukua chake na kinakufa nacho. Mimi nikija kupima nikaikuta dawa bado imo, najua hapana mdudu aliyekosa. Na atakayeingia na ndoo baadaye, chake kinamngoja."

Akafikiri. Nilimwona anafikiri kama mpishi, midomo ikichezacheza.

"Ule wali wa sufuriani siuiti mabaki," akasema.

"Unauitaje?"

"Akiba. Mabaki ni kinachorudi kwenye sahani, kimeguswa na watu. Cha sufuriani hakijaguswa. Mpishi anayeijua kazi yake hapiki bila akiba." Kisha kwa sauti ya chini: "Kama ingesemwa hivyo."

Hakumalizia. Alinyanyuka, akatoka nje, akarudi na chungu changu kimekumbatiwa kifuani. Nikakifungua, nikatia unga mpya, nikakitundika, naye akaishika kamba mpaka nilipokaza fundo.

Asubuhi nikamsimulia Ndugu Mhina. Wakubwa wengine wangesema neno limeshatangazwa, basi. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Akiba?" Akalirudia mara kadhaa peke yake, kama anayejaribu kiatu. Kisha akachukua kipaza sauti, tukapita mitaa ile ile, akawaambia watu kwamba alisema vibaya, kwamba kinachotakiwa ndani ya kisima ni akiba ya dawa, na atakayetaka kuiona kwa macho yake aje, Bibi Afya atamwonyesha. Watu wakaja. Nilipima maji mpaka shingo ikaniuma kwa kutazama juu. Lile shimo la bondeni tulilifukia, wanaume wa mtaa wakishika majembe.

Msidhani mambo yaliishia hapo. Maalim Haruni, imamu wa msikiti wa mtaani kwetu, alituma niitwe baada ya sala ya adhuhuri. Nikamkuta barazani pa msikiti.

"Binti yangu, akiba nimeifahamu," akasema. "Lakini hapa watu wanatia udhu. Maji yakibadilika harufu sana hata yasiitwe tena maji, udhu hausihi. Na haya ya kisima chetu cha msikiti yananuka. Wako wanaorudi majumbani kwao kutawadha, na huko wanatumia maji nisiyoyajua."

"Na yakibadilika kidogo, Maalim?"

"Kidogo hayana neno, madhali jina la maji halijaondoka."

"Basi mimi na wewe tunasema jambo moja," nikasema kwa furaha. "Akiba inayotakiwa ni ndogo sana. Ngoja nikuonyeshe."

Nikachota, nikadondosha matone, nikainua kichupa. Maji yakageuka bizari tupu. Maalim akayatazama, akanitazama mimi.

"Ndiyo hiyo ndogo?"

"Hapana, Maalim. Hii imezidi. Umeyanusa sawasawa."

Sababu niliijua papo hapo. Makopo mapya yalikuwa yamefika kutoka Dar es Salaam, yana nguvu zake zote, na ofisi nzima tulikuwa bado tunapima kwa kijiko cha makopo ya zamani yaliyopoa nusu. Tukatoa chungu, nikapunguza unga, vijana wakayateka na kuyamwaga maji ya mle mpaka yakaja mengine. Kesho yake nikapima mbele ya Maalim, ikatoka rangi ya mchaichai. Akayanusa kwa muda, akayaonja. Kisha akaketi juu ya jiwe la kutawadhia, watu wakimwona, akatia udhu polepole, kiungo baada ya kiungo, akainuka akaingia msikitini. Hakuhutubia. Tangu siku ile sikuona mtu akirudi nyumbani kutawadha.

Kwa hiyo neno hili lina mpaka wa chini na mpaka wa juu, na ukimfundisha mtu mpaka mmoja tu umemfundisha nusu. Tena msiitegemee pua peke yake. Maji machafu yaliyotiwa klorini kidogo nayo hunuka, na pengine yakanuka zaidi, kwa sababu dawa imeshikana na uchafu na haina nguvu tena. Pua inakuuliza swali. Jibu liko kwenye kichupa.

Neno "akiba" nalo lilikuja kutuonyesha udhaifu wake. Mama mmoja wa upande wa sokoni, Mama Kibibi, alinikaribisha kwake kwa fahari, akanionyesha mtungi mkubwa uliokaa juani, wazi.

"Mimi sipati taabu kama wenzangu," akasema. "Nimechota Ijumaa iliyopita. Yana akiba ya dawa, yatanifikisha Ijumaa nyingine."

Nikapima. Meupe kama machozi.

"Imekwenda wapi?" akauliza.

"Imeruka, mama. Jua na upepo vimeichukua."

"Sasa hiyo akiba gani inayoruka? Mimi akiba yangu ya mahindi iko darini tangu mavuno."

Nilicheka, naye akacheka, lakini alikuwa na haki. Nilirudi ofisini nikamwambia Ndugu Mhina kwamba neno letu linavuja. Tukaliziba kwa neno jingine: tukaanza kusema "akiba ya leo". Chota leo, funika, weka kivulini, kesho uchote tena. Mama Kibibi alihamisha mtungi wake, ingawa aliendelea kuniambia kila tukikutana kwamba dawa ya serikali haina uvumilivu.

Maradhi yakapungua, kisha yakaondoka mjini kwetu. Katika taarifa zetu za ofisi tuliendelea kuandika "mabaki", kwa sababu ndivyo makao makuu walivyotaka, na kisimani tukasema "akiba". Yuko kijana aliyeniuliza kama huko si kuwa na ndimi mbili. Nikamjibu alivyonijibu mimi Ndugu Mhina: maneno yanaweza kuwa mawili, kipimo kiwe kimoja.

Miaka kadhaa baadaye nilipelekwa Ubena, kule barabara ya Chalinze, ambako watu walikuwa wamehamia kijiji kipya na kisima kimoja kilihudumia wote. Nilishuka kwenye lori na kisanduku changu na kopo. Hakuna mtu wa afya aliyewahi kufika pale, na sikujua nianzie wapi. Wanawake walikuwa wamepanga madebe yao kisimani. Mmoja, mke kijana mwenye mtoto mgongoni, alikitazama kisanduku, akaja mbele.

"Shikamoo, Bibi Afya. Hunijui. Mimi nimeolewa huku, kwetu Bagamoyo."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huku?"

"Nzuri." Akaonyesha kisima kwa kidevu. "Akiba ipo?"

Nikachota, nikadondosha matone, nikainua kichupa. Wote walikuwa wakitazama mkono wangu bila kujua wanatazama nini, isipokuwa yeye.

"Haipo," nikasema.

Akalitua debe lake. Akawageukia wenzake akasema nao Kikwere, maneno machache ambayo sikuyafuata yote. Bibi mmoja mkubwa akamuuliza kitu, akamjibu kwa upole, akimwonyesha kichupa. Yule bibi akakitazama kitambo, kisha akainamisha debe lake lililokwisha kujaa, maji yakamwagika chini. Wengine nao wakamwaga. Halafu wakakaa kwenye nyasi, miguu wameinyoosha, wakaningoja nifanye kazi yangu.